Siku ya Kuziamsha Punje

Betrita Sanga hakunywa chai asubuhi ile. Chupa ililetwa pamoja na viazi vya kuchemsha, vikapoa mezani, naye akazunguka chumba cha mitambo kama bibi harusi anayesubiri gari. Mikono ilikuwa ya baridi, maana Makete ni Makete hata mwezi wa nane ukiisha, lakini moyo ulikuwa unachemka.

Ukuta mzima mbele yake ulikuwa ramani ya wilaya. Juu ya ramani hiyo ziliwaka nukta za kijani, nyingi kama unga uliomwagika, na katikati yake zilijipenyeza nukta za kijivu. Kila nukta ilikuwa mtu anayeishi na virusi vya Ukimwi. Kila nukta ya kijivu ilikuwa mtu aliyeilaza dawa yake.

"Wanaamka leo," alimwambia Daktari Mwalongo, mkuu wa Kituo cha Punje, aliyekuwa ameingia na koti lake jipya. "Daktari, wanaamka wote leo!"

"Taratibu, mwanangu. Utaanguka kabla hawajaamka." Lakini na yeye alikuwa anacheka, na miguu ilikuwa haitulii.

Bila kujijua, Betrita alijipapasa mkono wa kushoto, juu kidogo ya kiwiko, mahali ilipokaa punje yake mwenyewe. Alizaliwa na virusi. Bibi yake alikuwa akisimulia habari za makopo ya vidonge, vya kumezwa kila siku bila kukosa, vikifichwa ndani ya debe la unga wageni wakija. Yeye kizazi chake kilipewa punje: kitu kidogo kama mchele chini ya ngozi, kinachojitengenezea dawa miaka na miaka, kinapima damu na kutoa kiasi kinachotakiwa. Punje ikiwa macho, virusi vinafubaa, mtu anaishi mpaka mvi, na hamwambukizi mwenzake.

Ila sheria iliacha mlango. Mwili ni wa mwenyewe, ilisema, kwa hiyo mwenye punje alikuwa na haki ya kuilaza. Alibonyeza kwa kidole gumba mpaka itetemeke, ikalala. Alibonyeza tena, ikaamka. Waliotunga sheria walidhani mlango huo ungetumika kwa nadra, labda kwa mgonjwa anayefanyiwa upasuaji. Watu wakautumia kwa wiki, kwa miezi, wengine mpaka wakasahaulika. Pale kituoni waliitwa watoro.

Kaka yake Betrita, Ditram, alikuwa mtoro. Aliilaza punje yake akiwa mzima wa afya, anacheza mpira, anaoa. Walipogundua alikuwa hawezi tena kuinua kikombe. Miaka miwili tangu wamzike, na Betrita hakuwa amelia sawasawa. Alikasirika badala ya kulia, kisha akaifanya hasira ile kazi, na kazi hiyo ikazaa Amri ya Kuamsha: ishara moja kutoka mnara wa kituo, na kila punje iliyolala inaamka yenyewe, mwenyewe atake asitake. Baraza la wilaya lilibishana mwaka mzima, likapitisha kwa kura chache. Ruhusa ilikuwa ya siku moja, kwa awamu mbili, na ilihitaji vidole gumba viwili: cha daktari na cha fundi.

"Kidole chako," alisema Daktari.

Waliweka vyote viwili kwenye kioo. Awamu ya kwanza ilikuwa kata moja tu, ya wakata mbao kule bondeni. Kwa muda hakukutokea kitu. Halafu nukta moja ya kijivu ikageuka kijani, ya pili ikafuata, kisha zikaruka kama bisi kwenye sufuria. Wauguzi waliosongamana mlangoni wakapiga vigelegele. Daktari Mwalongo, mtu mzima na heshima zake, akacheza kidogo na koti lake jipya. Betrita aliziba mdomo kwa viganja na machozi yakamtoka, akawaza, Ditram, ona.

Awamu ya pili, wilaya yote iliyobaki, ilikuwa imeshapangwa. Ingejituma yenyewe ndani ya saa moja.

Simu ya kituo ikalia.

"Kamwene," ilisalimia sauti ya mwanamume, nzito, yenye kutweta. "Nani mkubwa hapo?"

"Ni mimi, Betrita Sanga, fundi mkuu. Karibu."

"Mimi naitwa Zabroni Chaula. Naendesha lori la magogo. Nilikuwa kwenye mteremko, binti, mzigo umejaa, mara dunia ikanigeuka juu chini. Macho hayaoni. Nimeligongesha lori kwenye ukingo makusudi, vinginevyo sasa hivi ningekuwa mtoni na watu wa chini nimewaponda. Punje yangu inawaka moto. Nataka kujua nani kafungua dawa ndani ya mwili wangu."

Kicheko mlangoni kilikatika.

"Mzee Chaula, umeumia?"

"Nimeuliza swali."

"Ni... ni sisi. Ni kwa ajili ya uhai wako. Punje yako imelala karibu nusu mwaka. Kwa nini uliilaza?"

Upepo ulivuma kwenye simu.

"Leo ndiyo mnaniuliza?" alisema Zabroni, na simu ikakatika.

Betrita alijua mara moja kilichotokea. Punje ikiamka baada ya usingizi mrefu haianzi na dawa kidogo kidogo. Ikianza hivyo, virusi vilivyokwisha kuongezeka hupata nafasi ya kuizoea dawa na kuishinda. Kwa hiyo hutoa dozi kubwa ya kuamkia, yote ndani ya robo saa. Kwenye majaribio watu wa kujitolea walilala siku chache tu, wakaamka na kizunguzungu kama cha kushuka bembea. Hakuna mtoro wa nusu mwaka aliyekubali kujaribiwa. Betrita alikadiria kwa hesabu, na hesabu haikuwa kwenye mteremko na magogo.

"Mmoja tu," alisema Daktari Mwalongo, ingawa uso wake haukuwa unacheka tena. "Na yuko hai. Wengine wa kata ile wako salama. Awamu ya pili tutatangaza redioni watu wakae chini."

"Redio watasikia wangapi, Daktari? Leo?"

Wote wawili waligeuka kutazama televisheni ya ukutani. Leo ilikuwa siku ya mbio za mabawa. Wilaya nzima ilikuwa imesimama nje ikitazama juu. Marubani hujirusha kutoka uwanda wa Kitulo, kwenye maua na ukungu, kila mmoja akiwa amening'inia chini ya bawa la kitambaa chepesi linalokula jua, wakavuka milima ya Livingstone na kushuka hadi mchanga wa Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Mtangazaji alikuwa amepandwa na wazimu wa furaha. "Bawa jekundu! Subilaga Mwambene, binti wa Rungwe, anawapita wawili kwa mpigo! Jamani, huyu mtoto ana moyo wa nini?"

Betrita aliitazama ramani, akarudi kwenye televisheni, akaitazama ramani tena. Kwenye ukingo wa Kitulo nukta moja ya kijivu ilikuwa inakwenda kasi kuliko gari lolote. Ilikuwa inapita mahali pasipo na barabara.

"Mungu wangu," alisema. "Yuko hewani."

Aliigusa nukta ile, jina la Subilaga Mwambene likatokea pamoja na namba yake ya simu. Kofia za marubani zilipokea simu. Alipiga mara ya kwanza, ikakatwa. Alipiga tena.

"Nani?" Sauti ilikuja pamoja na mvumo wa upepo.

"Subilaga, naitwa Betrita, wa Kituo cha Punje. Tafadhali usikate."

"Dada, niko hewani! Niko wa tatu!" Msichana alikuwa anacheka kwa sauti, kicheko cha mtu aliyelewa mwanga. "Nipigie kesho!"

"Punje yako itaamka bila wewe kuigusa. Ikiamka, utapata kizunguzungu kikali. Unaweza kutua?"

Kicheko kiliisha. "Nitue wapi? Chini yangu ni magenge matupu. Mpaka Matema hakuna pa kutua."

"Ulikwenda angani na punje imelala. Kwa nini, mdogo wangu?"

"Lango," alisema Subilaga.

"Lango gani?"

"La kurukia. Linasoma kila kitu chenye umeme mwilini mwa rubani, kwa usalama, wanasema. Mwaka jana lilinisoma. Kwenye kioo kikubwa, mbele ya watu wote, jina langu, kijiji changu na maneno 'kifaa cha tiba'. Nani hajui ni kifaa gani? Mama mmoja alimvuta mwanawe asinipe mkono. Mchumba wangu alijulia pale, kwenye umati, si kutoka kinywani mwangu." Upepo ulimeza maneno, kisha yakarudi. "Iliyolala hailisemeshi lango. Ndiyo maana. Unanisaidia au unaniua, dada?"

Ilikuwa kweli, na Betrita aliijua siku zote kama fundi anavyojua. Punje iliyo macho huongea na kila kifaa kilicho jirani. Iliyolala humnong'oneza mnara peke yake. Hakuwahi kuliona jambo hilo kama sababu.

"Endelea kuruka," alisema. "Nakutoa kwenye amri sasa hivi."

Kumtoa mtu mmoja ilikuwa kazi ya mguso. Aligusa nukta inayokimbia, akaifutia amri, akavuta pumzi ndefu. Daktari Mwalongo akampiga begani.

"Umeona? Tumemwokoa. Awamu ya pili iendelee."

Betrita alisogea ukutani. Macho yake yalikuwa yanatembea juu ya ramani. Kuna nukta ya kijivu ilikuwa inapita juu ya daraja. Nyingine ilikuwa ndani ya kiwanda cha kupasua mbao, palepale kwenye misumeno. Moja ilikuwa imetulia kwenye kijiji cha mlimani, na kutulia kwake hakukumwambia lolote: labda amelala, labda amembeba mtoto mgongoni karibu na sufuria inayotokota.

"Huyu nimemwona kwa sababu televisheni ilikuwa imewashwa," alisema. "Hawa wengine hawana televisheni ya kuwaonyesha."

"Betrita."

"Simamisha, Daktari. Niache nifute alama ya kidole changu."

Alama ya kidole kimoja ikifutwa, amri husimama. Wote wawili walijua hivyo, na walijua kilichobaki: ruhusa ya Baraza ilikuwa ya siku ile tu. Kuipata tena kungekuwa mwaka mwingine wa mabishano, au isipatikane kabisa.

Daktari Mwalongo alijiweka kati yake na kioo. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amewafumba macho wafu wengi mno kwa mikono yake mwenyewe.

"Nisikilize. Ndani ya hizo nukta kuna watu watakaokufa kabla ya mvua za masika wasipoamshwa. Na si miili yao tu. Wana wake, wana waume, wana watoto tumboni. Punje ikilala, virusi vinatembea. Mficha maradhi, kilio humuumbua, na safari hii kilio si chake peke yake. Wawili watatu wataanguka leo, ndiyo, nitawauguza mimi mwenyewe. Mamia wataishi."

"Najua."

"Ungekuwa na amri hii wakati wa Ditram, ungeiacha?"

Hapo alimgusa palepale. Betrita aliona aibu ya machozi kumwagika mbele ya wauguzi, lakini hayakuomba ruhusa.

"Ningeituma, Daktari. Ningeituma mara mia."

"Basi!"

"Na angeamka, na ningefurahi, na nisingejua mpaka leo kwa nini aliilaza. Pengine angeichimbua kwa kisu wiki ya pili yake. Sijui. Nilimpimia damu, nikamgombeza, nikamlilia mama. Sikumuuliza. Hata mara moja." Alijifuta kwa mkono wa sweta. "Mwanamume amegongesha lori lake leo na bado hatujui shida yake. Mganga asiyeuliza naye ana maradhi yake."

"Wasipojibu je? Ukiwauliza wakakataa?"

"Watakuwa wamekataa," alisema kwa sauti ndogo. "Na mimi nitaishi nalo."

Walitazamana. Mwishowe mzee yule alisogea pembeni, hatua moja tu, bila kusema amekubali. Betrita aliweka kidole gumba kwenye kioo, akafuta alama yake. Maandishi ya awamu ya pili yakazimika.

Televisheni iliendelea kupiga kelele. Betrita alijikuta, badala ya huzuni, anapata joto la ghafla kichwani, kama alivyokuwa asubuhi, tena zaidi. Mnara ulikuwa tayari. Njia ya kwenda kwenye kila punje iliyolala ilikuwa wazi. Mbona kinachopita kiwe amri?

"Nipeni kinasa sauti!" alipiga kelele. "Upesi!"

Aliongea kwa pumzi moja, bila kuandika. "Kamwene. Mimi ni Betrita Sanga. Nina punje kama wewe. Mkono wako umetetemeka kwa sababu nimekubishia hodi. Sijafungua kitu. Nataka kujua kwa nini uliilaza. Niambie kwenye simu hii, hutatajwa. Na ukitaka kuiamsha, keti kwanza chini, mwite mtu unayemwamini akae na wewe robo saa, maana utazunguka kichwa. Kisha bonyeza mwenyewe."

Mnara ukazitetemesha punje zote zilizolala na sauti yake ikaingia kwenye simu za wenyewe, isipokuwa ya mmoja aliyekuwa juu ya milima.

Dakika zilipita. Muuguzi mmoja alianza kukusanya vikombe. Halafu kipaza sauti kikakohoa, na sauti ya kwanza ikaingia.

Ilikuwa ya mwanamke, ya kunong'ona, na nyuma yake kuku walisikika. "Dawa inaniletea njaa, mwanangu. Mwezi huu hatuna kitu mpaka viazi vitoke. Wanangu wakila, mimi nalaza punje ili njaa inipungukie. Viazi vikitoka naiamsha. Nafanya hivyo kila mwaka, mlikuwa hamjui?"

Baada yake zikaja kwa fujo, moja juu ya nyingine. Kijana alisema aliombewa, akaambiwa kuiamsha ni kumdharau Mungu, na sasa anaogopa pande zote mbili. Msichana mmoja alisema ndoto, ndoto za punje, anazama kila usiku. Mwanamume mmoja hakusema sababu, alilia tu, kisha akaomba radhi kwa kulia. Mwingine alisema, "Nilichoka. Nimezaliwa nayo, nimesoma nayo, nimeoa nayo. Nilitaka niishi hata kidogo mimi mwenyewe bila msimamizi." Na mwanamke fulani alisema "Sitaki, na msinipigie tena," akakata. Sauti yake ilikuwa dhaifu, ya kifua kilichojaa. Daktari Mwalongo alifumba macho aliposikia kifua kile.

Betrita alisikiliza amesimama. Alitafuta ndani ya kila sauti kitu kinachofanana na Ditram. Alipata vingi mno, na hakuna kimoja alichoweza kusema ndicho.

"Tazama," alisema Daktari.

Kwenye ramani, kijijini mlimani, nukta moja ilikuwa imegeuka kijani. Kisha karibu na daraja, nukta iliyosimama kando ya barabara. Hazikuruka kama bisi safari hii. Zilikuja moja, kimya, halafu moja tena, na baina yake nyingi zilibaki kijivu. Daktari Mwalongo alivuta kiti akaketi karibu na kipaza sauti, akachukua simu ya pili.

"Kamwene, mama," alisema. "Mimi ni daktari. Hebu nieleze vizuri hiyo habari ya njaa."

*

Betrita aliwahi gari la kamba linaloshuka mlimani hadi ziwani. Njia nzima simu yake ilikuwa inalia, mwenyekiti wa Baraza akimtafuta, na yeye hakupokea. Dirishani aliona mabawa yakipita chini yake, ya njano, ya bluu, mepesi kama vipepeo, na alijikuta ameganda kwenye kioo, anashangilia peke yake kama mwehu kila aonapo jekundu.

Subilaga alishika nafasi ya pili. Alikosa ya kwanza kwa urefu wa bawa. Betrita alimkuta mwisho wa ufukwe, mbali na umati, bawa lake limetandazwa likauke, yeye ameketi kwenye mchanga. Alikuwa mdogo kuliko sauti yake, na meno yake yote yalikuwa nje.

"Ni wewe uliyenipigia," alisema mara Betrita alipomsalimia. "Ulinipotezea ushindi, dada! Niliposhtuka nilipoteza upepo."

"Nisamehe."

"Sikusamehi. Lakini ndaga fijo, asante sana." Akacheka, kisha akauliza, "Amri ilitumwa?"

"Awamu moja. Nyingine tumeisimamisha. Tumewauliza badala yake."

"Na wewe umekuja kuniuliza kama nitaiamsha."

"Nimekuja kukuambia kitu kwanza." Betrita alipiga magoti mchangani, maneno yakimtoka haraka kuliko alivyoyapanga. "Punje iliyolala inanong'ona. Iliyo macho inaongea hovyo. Lakini hakuna sababu iwe hivyo! Iliundwa hivyo kwa sababu waliounda walitaka mashine zote za hospitali ziisikie. Naweza kuifundisha iliyo macho inong'one. Lango halitasikia. Hakuna kioo kitakachokutangaza."

Subilaga alimgeukia. "Kitu hicho kinawezekana siku zote hizi?"

"Siku zote."

"Mbona hamkukifanya?"

"Hatukujua kama kinahitajika."

Msichana alitikisa kichwa taratibu, akachota mchanga, akauacha umwagike. "Kitachukua muda gani?"

"Sijui. Miezi. Pengine watanifukuza kazi kesho, nitaifanyia nyumbani. Siwezi kukuahidi mashindano yajayo. Nikikuahidi nitakuwa nakudanganya."

Nyuma yao watu walikuwa wanambeba mshindi juu juu, ngoma zinalia. Mtu aliita jina la Subilaga, aje apigwe picha. Hakugeuka. Alikunja mkono wa suti yake ya kurukia, taratibu, mpaka juu ya kiwiko. Chini ya ngozi palionekana uvimbe mdogo kama mchele.

Mkono wa Betrita ulinyanyuka wenyewe. Ilikuwa karibu sana, na alijua hasa pa kubonyeza. Aliurudisha akaukalia.

"Hicho kizunguzungu huchukua muda gani?" aliuliza Subilaga.

"Robo saa. Pengine na zaidi kidogo, kwako."

"Kaa hapa basi. Usiniongeleshe mambo ya afya. Niambie habari yoyote, ya mtu yeyote, ila unishike, maana sijawahi kuogopa hivi hata juu ya magenge."

Betrita alisogea nyuma yake, akamkumbatia mabega kwa mikono yote miwili. Alihisi kidole gumba cha msichana kikitafuta mahali pake, kikisita, kikibonyeza. Punje ilitetemeka, mtetemo mdogo uliopita kwenye mifupa ya wote wawili.

"Nilikuwa na kaka yangu," Betrita alianza. "Alikuwa anaitwa Ditram. Alikuwa hajui kuimba hata kidogo, na alikuwa anaimba kutwa."

Kichwa cha Subilaga kikalegea kifuani pake. "Nimeanza kuzunguka," alisema msichana. "Endelea, dada. Alikuwa anaimba nini?"